Kompyuta inachelewa kuwaka: jua kwanza muda unapotelea wapi

Watu wengi husema tu "kompyuta yangu inachukua muda mrefu kuwaka", ila ukiwauliza maswali mawili matatu unakuta kila mmoja ana tatizo lake. Wa kwanza anakaa akitazama nembo ya mtengenezaji. Wa pili anatazama duara linalozunguka bila mwisho. Wa tatu anafika kwenye deskitopu haraka sana, kisha kila anachobofya hakifunguki. Dawa ya mmoja haimsaidii mwingine. Ndiyo maana mtu anaweza kufuta nusu ya programu zake na bado asubiri vilevile: muda wake ulikuwa unapotea kabla hata Windows haijaanza kusomwa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, chukua simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Zima kompyuta, iwashe, na uandike vipindi vitatu: tangu ubonyeze kitufe hadi duara lianze kuzunguka, tangu duara hadi sehemu ya kuandika nywila, na tangu nywila hadi kivinjari kifunguke bila kusuasua. Rudia mara ya pili, maana mwasho wa kwanza baada ya sasisho huwa mzito hata kwenye mashine nzima. Kompyuta yenye SSD (diski ya kisasa isiyo na sehemu inayozunguka) kwa kawaida hufika kwenye nywila ndani ya nusu dakika. Yenye diski ya zamani inayozunguka inaweza kuchukua dakika moja au mbili na isiwe na ugonjwa wowote, ndivyo ilivyoumbwa.

Kipindi kirefu kuliko vyote ndicho kinachokuelekeza sehemu ya kusoma hapa chini. Maelekezo mengi ni ya Windows 10 na 11; Linux na Mac zimeguswa karibu na mwisho. Na kabla ya hatua yoyote inayogusa diski, nakili mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje.

Deskitopu inatokea mapema, lakini kompyuta haitumiki

Hili ndilo linaloripotiwa zaidi, na ndilo rahisi kulitibu. Chanzo cha kwanza ni programu zinazojiwasha zenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, kisha nenda kwenye "Startup apps" (kwenye Windows 10 imeandikwa "Startup"). Utaona orodha na safu ya "Startup impact". Usishtuke ukiona "High" nyingi. Kiwango chake kiko chini: programu ikitumia zaidi ya sekunde 1 ya prosesa au zaidi ya MB 3 za diski wakati wa kuwaka, tayari inaitwa "High". Shida huanza zinapokuwa kumi na mbili na zote zinagombea diski dakika ileile.

Zima programu za kuchati, za mikutano, za michezo, za muziki, visaidizi vya printa na vile vidude vya kutafuta masasisho ya programu nyingine. Kuzima hapa si kufuta. Programu inabaki, itafunguka utakapoiita wewe. Acha antivairasi, na acha chochote chenye jina la sauti, touchpad au kadi ya picha hadi ujue kazi yake. Ukizima kitu na kikakosekana, rudi palepale ukiwashe.

Kuna programu hazionekani kwenye orodha hiyo na bado hujifungua. Mara nyingi mkosaji ni mpangilio mmoja: Settings, Accounts, Sign-in options, kisha kile kinachosema programu zinazoweza kufunguliwa upya zihifadhiwe na zifunguliwe ukiingia tena. Kizime. Angalia pia mipangilio ya kivinjari chako, kwa sababu Chrome na Edge zote zina chaguo la kuendelea kufanya kazi chinichini hata baada ya kufungwa. Mtu mwenye uzoefu anaweza kutumia Autoruns, programu ya bure ya Microsoft inayoonyesha kila mlango wa kujiwasha. Humo ondoa tiki tu, usifute mstari. Orodha yake ni ndefu na mingi ya mistari hiyo ni viungo vya Windows yenyewe.

Ukishapunguza programu na hali ikabaki ileile, chanzo cha pili ni diski. Kwenye Task Manager fungua "Performance" na ubofye diski yenye C. Hapo imeandikwa kama ni HDD (ile ya zamani inayozunguka) au SSD. Kama ni HDD na asilimia inakaa 100 kwa dakika kadhaa baada ya kuingia, umeshapata jibu. Diski hiyo ina kichwa kinachohama huku na huko kutafuta vipande vya data, na Windows inapowaka inaomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. HDD inamudu maombi kama mia moja ya namna hiyo kwa sekunde. SSD ya kawaida inamudu makumi ya maelfu.

Hapa nitasema bila kuzunguka: kama mashine ina HDD na una pesa ya kufanya jambo moja tu, badilisha diski. Hakuna mpangilio wa Windows utakaokaribia tofauti hiyo. Si lazima uanze upya; programu za kunakili diski nzima huhamisha Windows, mafaili na mipangilio yote hadi kwenye SSD. Kwa kompyuta ya zamani SSD ya SATA (muunganisho uleule wa HDD), inayosoma takriban MB 550 kwa sekunde, inatosha kabisa. NVMe, aina mpya zaidi ya SSD, ina kasi kubwa zaidi kwenye karatasi, ila wakati wa kuwaka tofauti kati ya hizo mbili huwa ndogo. Angalia kitu kimoja kabla ya kununua: nafasi ya M.2 (tundu jembamba la SSD ndani ya mashine) inaweza kuwa ya SATA, ya NVMe au ya zote mbili, na vipande vyenyewe vinafanana kwa macho. Kitabu cha mashine ndicho kinachosema ukweli. Baadhi ya laptopu za bei ya chini zina hifadhi ya eMMC iliyochomelewa kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), na hiyo haibadilishwi.

Chanzo cha tatu ni RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ukiwa bado hujafungua kitu chochote, tazama "Memory". Ikiwa imeshapita asilimia 80, mashine inaanza kutumia diski badala ya RAM, na hapo HDD inazidi kulemewa. GB 4 ndicho kiwango cha chini kinachoruhusiwa na Windows 11, na kinatosha kuiwasha, si kuifanyia kazi kwa raha. GB 8 hubadilisha mambo. Laptopu nyembamba nyingi zina RAM iliyochomelewa, kwa hiyo hakikisha nafasi ipo kabla hujalipa.

Chanzo cha nne, ambacho watu hukitaja cha kwanza, ni virusi. Vipo, ila si mara nyingi kama inavyodhaniwa. Fungua Windows Security, chagua "Scan options", kisha Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijapakiwa, kazi ya kama dakika 15. Kisha angalia kama una antivairasi mbili. Zikiwa mbili, kila faili linalofunguliwa hukaguliwa mara mbili na zenyewe hugongana. Bakiza moja.

Nembo ya mtengenezaji inaganda kwenye skrini

Kipindi hiki si cha Windows. Ni BIOS, au UEFI kwa mashine za karibuni, inayokagua vifaa. Windows inakupimia yenyewe: kwenye ukurasa uleule wa "Startup apps", juu upande wa kulia, pana "Last BIOS time". Kwenye mashine nyingi sekunde chache hadi kumi na kitu ni kawaida. Ukiona 30 au zaidi, usihangaike na programu, endelea hapa.

Anza kwa kuchomoa kila kitu kisicho kibodi, kipanya na skrini: flashi, diski ya nje, printa, kisoma kadi. Washa. Kama nembo imepita haraka, rudisha kimoja kimoja hadi umpate mkosaji. Mara nyingi ni flashi iliyosahaulika nyuma ya kompyuta, nayo BIOS inaisoma kila siku ikitafuta mfumo wa kuwasha.

Cha pili ni mpangilio wa vifaa vya kuwashia. Ingia kwenye BIOS (F2, Del, F10 au Esc, kutegemea mtengenezaji) na uweke diski yenye Windows ya kwanza, badala ya mtandao au USB. Ukiona chaguo la "Fast Boot" humo, liwashe.

Simama kidogo hapa. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker (kufuli la data la Windows), kubadilisha mipangilio ya BIOS kunaweza kuifanya kompyuta iombe ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Laptopu nyingi mpya hufunga diski bila mwenyewe kujua. Utafute ufunguo huo kwanza kwenye akaunti yako ya Microsoft, uuandike mahali, ndipo uguse BIOS. Bila ufunguo, hata fundi mzuri hawezi kukufungulia data.

Cha tatu ni betri ndogo ya mazabodi, ile ya duara iitwayo CR2032 kwenye kompyuta nyingi za mezani. Dalili zake hazifichiki: tarehe inarudi miaka ya nyuma kila ukichomoa umeme, na skrini inaomba ubonyeze F1 ili kuendelea. Kwenye kompyuta ya mezani ni kazi ya dakika tano, umeme ukiwa umechomolewa.

Kama umetoka tu kuongeza RAM ya DDR5 na skrini imebaki nyeusi kwa dakika kadhaa, subiri. Mazabodi inajifunza RAM mpya, na kuizima katikati kunaifanya ianze tena. Kuhusu kusasisha BIOS yenyewe: fanya hivyo iwapo mtengenezaji ameeleza kwamba toleo jipya linatatua tatizo kama lako, laptopu ikiwa kwenye chaja na betri imejaa. Umeme ukikatika katikati, mazabodi inaweza isiwake tena.

Duara linazunguka na kuzunguka kabla ya nywila

Kama kuna maandishi ya sasisho, iache. Usizime kwa kubonyeza kitufe hata kama asilimia imekwama kwa saa nzima kwenye HDD. Ikiwa hakuna sasisho, tazama kwanza nafasi iliyobaki kwenye C. Ikishuka chini ya asilimia 10 Windows hupumua kwa shida. Settings, System, Storage itakuonyesha kilichoijaza.

Kisha kuna Fast Startup, jambo linalowachanganya wengi. Tangu Windows 8, ya mwaka 2012, ukibofya "Shut down" kompyuta haizimiki kabisa. Kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye faili la hiberfil.sys ili kisomwe haraka kesho yake. Ukibofya "Restart", ndipo kila kitu kinapoanza upya. Ndiyo sababu mtu aliyezima kompyuta kila usiku anaweza kukuta "Up time" kwenye Task Manager inaonyesha siku 20. Kwa kawaida Fast Startup inasaidia. Lakini draiva (programu inayoendesha kifaa fulani) mbovu ikihifadhiwa pamoja na kiini hicho, unaamka nayo kila asubuhi. Kipimo ni rahisi: shikilia Shift unapobofya "Shut down", jambo linaloizima kikamilifu, kisha washa. Kama imewaka vizuri kuliko kawaida, nenda Control Panel, Power Options, "Choose what the power buttons do", uondoe tiki ya Fast Startup na uitazame kwa wiki moja.

Usipopata jibu, Windows ina shajara yake. Fungua Event Viewer na ufuate njia hii: Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Diagnostics-Performance, Operational. Tukio namba 100 linataja muda wote wa kuwaka kwa milisekunde. Namba 101 hutaja programu iliyochelewesha, 102 draiva, 103 huduma ya mfumo. Watu wachache hufika hapa, ilhali hapa ndipo jina la mkosaji limeandikwa. Ikiwa ni draiva, pakua mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, si kutoka tovuti zinazotangaza "draiva zote bure".

Mafaili ya mfumo yakiwa yameharibika, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike amri hizi mbili, ya kwanza iishe ndipo ya pili:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Skrini nyeusi yenye kishale tu

Hapa mshukiwa ni draiva ya picha. Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Draiva itaanzishwa upya na huenda picha ikarudi palepale. Kama una skrini mbili, chomoa moja, kwa kuwa wakati mwingine picha ipo, ila imepelekwa kwenye skrini iliyozimwa. Kama weusi unakuja baada ya nywila, bonyeza Ctrl, Alt na Del, fungua Task Manager, chagua "Run new task" na uandike explorer.exe. Deskitopu ikitokea, tatizo ni kitu kinachozuia ganda la Windows (sehemu inayoonyesha deskitopu) kuanza, na ukaguzi wa programu za kujiwasha unakuhusu. Isipotokea, ingia Safe Mode, yaani Windows yenye vitu vya msingi tu: kwenye ukurasa wa nywila, shikilia Shift huku ukibofya "Restart", kisha fuata Troubleshoot hadi Startup Settings. Ikiwaka vizuri humo, ondoa draiva ya picha na uisakinishe upya.

Inasema "Welcome" na kubaki hapo

Tengeneza akaunti nyingine ya mtumiaji na uingie nayo. Ikiingia haraka, wasifu wa akaunti yako ndio wenye kasoro, na kuhamia akaunti mpya ni rahisi kuliko kuurekebisha. Ikichelewa vilevile, tafuta folda za mtandao zilizounganishwa na kifaa ambacho hakipo tena: Windows inalisubiri jibu lisilokuja. Kwa kompyuta ya ofisini, ishia hapo. Sera za usalama za ofisi hupakiwa wakati huo, na kazi ni ya kitengo cha TEHAMA.

Ilikuwa nzuri, ghafla imekuwa nzito na inatoa mlio

Mlio wa kukwaruza au wa tik tik kutoka kwenye HDD ni diski inayokufa. Usijaribu kuiongezea kasi. Pakua CrystalDiskInfo na utazame hali yake. "Caution" au "Bad", hasa kwenye mstari wa 05, C5 au C6, maana yake sekta za diski zinaharibika. Nakili mafaili muhimu leo, ukianza na yasiyopatikana pengine. Usiendeshe chkdsk /r kabla ya kunakili: amri hiyo husoma diski nzima kwa saa nyingi, na diski dhaifu inaweza kufia humo. Kama diski haionekani kabisa na data ina thamani kubwa, zima kompyuta na usiiwashe tena. Kila kuwasha kunapunguza nafasi ya wataalamu wa kuokoa data.

Uzito wa ghafla unaokuja na feni kupiga kelele tangu dakika ya kwanza ni habari nyingine. Mara nyingi ni vumbi, na prosesa inajipunguzia kasi ili isiungue.

Linux na Mac

Kwenye Linux nyingi za sasa, amri ya systemd-analyze blame inapanga huduma kuanzia iliyochukua muda mrefu zaidi. Ukiona kuwaka kunasimama kwa sekunde 90 kamili, fungua /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski za kuunganishwa: karibu kila mara kuna mstari wa diski iliyoondolewa zamani. Kwenye Mac, anza na System Settings, General, Login Items.

Mambo ya kuachana nayo

Programu za "kusafisha rejista" na "kuongeza kasi mara kumi" zenyewe hujiweka kwenye orodha ya kujiwasha. Ule ushauri wa kufungua msconfig na kuchagua idadi ya prosesa haufanyi kitu, kwa kuwa Windows tayari inatumia zote. Mpangilio ule ni wa kuzipunguza wakati wa majaribio. Wala usilazimishe defragi (kupanga upya vipande vya data) kwenye SSD kwa programu za nje. Windows huitunza SSD kwa njia yake, na kuandika upya data yote kunaichakaza tu.

Wakati wa kumwita fundi

Betri ya laptopu ikivimba, ukisikia harufu ya kuungua, au kompyuta ikijizima mara kadhaa kabla ya kufika kwenye nywila, chomoa umeme na usiifungue mwenyewe. Mpelekee pia kama RAM au diski iko chini ya mfuniko ambao hujawahi kuufungua, au kama amri zote mbili za ukarabati zimeshindwa. Nenda na ile karatasi ya vipindi vitatu. Itamwokolea muda na wewe itakuokolea pesa. Jambo la kumweleza kabla hajashika bisibisi ni kama mafaili yako yamenakiliwa au la, kwa sababu mafundi wengi hutibu uzito wa kuwaka kwa kusakinisha Windows upya, na kufomati hakuulizi kulikuwa na nini ndani.